Paswadi ya Mama Mkwe

Wiki jana mliniacha nimekalia sanduku langu nje ya saiba moja ya intaneti pale Busia, nimefutwa kazi kwa kumwambia tajiri wangu, mbele ya wateja, kwamba kompyuta zake zote zina virusi. Otiende wangu akaja na pikipiki, akalifunga sanduku kwa mpira, akanileta Malaba kwa mama yake.

Najua mlisema, "Sasa Nasambu amepona."

Sikupona.

Mama yake Otiende anaitwa Magdaline. Ni mjane, ana gesti kando ya barabara pale ambapo trela hupanga foleni kungoja kuvuka kuingia Uganda. Kanisani ndiye mwenyekiti wa kina mama. Mimi na Otiende tunataka kuoana, na bila baraka ya mama huyu hakuna harusi. Hilo aliniambia siku niliyofika, kabla hata ya kunikaribisha chai.

"Mimi sina ubaya na wewe," alisema. "Lakini kazi yako siielewi. Msichana wa kubonyezabonyeza. Nikiulizwa kanisani bibi ya Otiende anafanya nini, nijibu nini?"

"Waambie nalinda kompyuta za watu, Mama."

"Kama askari wa geti?"

"Kama askari wa geti."

"Yawa," akashangaa kwa Kijaluo, akaenda kukagua shuka.

Kwa hivyo mtaelewa nilivyoruka kwa furaha aliponiita Jumamosi iliyofuata. Kina mama wa kanisa walikuwa wanakuja kukutana kwenye ukumbi wa gesti, na kulikuwa na kilio. Mweka hazina wao, Mama Sharlyne, ameibiwa akaunti ya Facebook. Mwizi amebadilisha picha na sasa akaunti ya mama wa kanisa inauza dawa ya mapenzi kutoka Tororo.

"Wateja wananipigia simu," Mama Sharlyne alilia. "Mmoja ni shemeji yangu!"

Mama Magdaline akanigeukia. "Nasambu, si wewe ni askari? Kuja ufundishe hawa wamama."

Hapo ndipo nilipaswa kuomba ruhusa ya kwenda chooni na nisirudi.

Badala yake nilileta laptopu, nikaiunganisha na ile runinga kubwa ya ukumbini ambayo madereva hutazamia mpira. Nikawaeleza kwamba kuna programu ya kuvunja maneno ya siri. Mwizi huitumia kuingia kwa watu. Sisi walinzi huitumia kujipima, maana paswadi ikivunjwa na programu yangu, mwizi naye ataivunja. Haina uchawi. Inajaribu maneno tu, moja baada ya lingine, kwa kasi ambayo hakuna mdomo wa binadamu unaweza kuyataja, na haichoki.

"Inajaribu maneno gani?" akauliza mmoja.

"Yale watu hupenda. Majina ya watoto. Timu za mpira. Vitabu vya Biblia. Nimeiongezea majina ya huku kwetu, ya Waluhya, Wajaluo, Wateso, na ya miji yote ya huku. Halafu inajua watu huongeza nini mbele: wangu, mama, baba, mwaka."

Nilikuwa nimetunga paswadi za mfano. Nikaijaribu "yesu1234". Ilianguka kabla mama aliyekaa mbele hajachovya mandazi kwenye chai. Nikajaribu "Arsenal2004". Ikaanguka.

Ukumbi ukachangamka. Mama mmoja alitoa simu kwenye mkoba, akaanza kubadilisha yake pale pale huku ameifunika kwa leso.

Mama Magdaline alikuwa akinitazama kwa jicho ambalo sijawahi kuliona kwake. Jicho la fahari. Nikajiona tayari nimevaa shela.

"Sasa pima yangu," akasema.

"Yako gani, Mama?"

"Ya waifai ya gesti. Madereva wamejaribu wakashindwa. Najua mimi peke yangu. Mgeni akilipa, nachukua simu yake naandika mwenyewe. Hata Otiende hajui."

"Mama, kama itavunjika, neno litatokea hapo kwenye runinga. Kila mtu ataliona. Wacha nipime kando, nikuambie kama ni ngumu ama rahisi tu."

"Haitavunjika."

"Lakini ikivunjika..."

"Nasambu. Nimesema pima."

Mama Sharlyne akachekea kikombeni. "Anaogopa kukuaibisha, mwenyekiti."

Basi. Nani angekataa hapo? Fundi mwenye akili angekataa. Mimi nilikuwa nimeonja ile fahari, na nilitaka kijiko kingine. Nikamwambia Mama azime waifai kwenye simu yake na kuiwasha tena, programu ikanasa ile salamu ambayo simu hutoa ikiomba kuingia. Nikabonyeza.

Maneno yakaanza kupita. Kina mama wakarudi kwenye chai. Muda ukasonga, na Mama Magdaline akaanza kutabasamu, akiwaonyesha runinga kwa mkono kama mtu anayeonyesha nyumba aliyojenga.

"Si niliwaambia? Paswadi ni kufikiria."

Runinga ikasimama.

Herufi zilikuwa nyeupe juu ya weusi, kubwa kama za tangazo la mkutano wa injili:

OkwiWangu2023

Kulikuwa na kijiko kilichokuwa kikikoroga sukari. Kikanyamaza.

"Okwi," Mama Sharlyne akasoma polepole, "wangu."

Mume wa Mama Magdaline, Mungu amweke pema, aliitwa Amollo. Ukumbi mzima ulijua. Mimi nilijua. Nilimtazama mama mkwe wangu na nikaona mtu aliyesahau namna ya kupumua. Midomo yake ilikuwa imefunguka kidogo, na yale macho ya fahari yalikuwa yakitafuta mlango.

Sijui nani alinisukuma. Nilisikia tu sauti yangu ikisema, "Ni ng'ombe!"

Vichwa vyote vikanigeukia.

"Ng'ombe gani?" akauliza Mama Sharlyne.

"Ng'ombe dume. Ni... ni wa mahari yangu. Anapelekwa kwetu Busibwabo. Mama amemlea tangu akiwa ndama, anampenda sana. Anaitwa Okwi."

Mama Magdaline akapumua. "Ndiyo," akasema kwa sauti nyembamba. "Ni ng'ombe yangu."

"Mweupe," nikaongeza, Mungu anisamehe. "Ana baka hapa usoni."

"Na ako wapi?" akauliza Mama Sharlyne. "Mimi nimekuja hapa miaka yote, sijawahi kuona hata kwato."

Wakati huo Otiende akaingia na kreti ya soda. Maskini hakujua lolote.

"Otiende," Mama Sharlyne akamrukia, "ng'ombe ya mahari iko wapi?"

Otiende akanitazama. Nikamkonyeza. Akamtazama mama yake. Mama akamkonyeza pia.

"Iko..." akasema. "Inakula."

Hapo ndipo ninapompenda huyu mwanaume.

Kina mama wakaanza kucheka, mmoja akapiga makofi, mambo yakawa karibu kutulia. Kisha mlango ukabishwa. Akaingia bwana mmoja mwenye kofia ya kahawia, shati limepigwa pasi. Ni ajenti wa forodha, anashughulikia karatasi za mizigo ya trela, na hunywa chai hapa kila siku. Malaba nzima tunamwita Boss. Hakuna aliyewahi kumuuliza jina, na yeye hakuwahi kulalamika.

"Yoga noi, wamama!" akasalimu Kiteso, akavua kofia. Kisha akaiona runinga. Akasoma. Tabasamu likamjaa usoni. "Haya, nani ameniandika jina langu kubwa hivyo?"

Vikombe vikashuka mezani.

"Boss," Mama Sharlyne akasema, sauti imelowa asali, "kumbe wewe unaitwa Okwi?"

"Tangu nibatizwe."

"Pole sana. Una jina la ng'ombe ya Magdaline."

Yule bwana akamtazama Mama Magdaline. Mama Magdaline alikuwa akihesabu maua ya kitambaa cha meza. Na mzee yule, badala ya kushangaa, akavaa kofia yake taratibu.

"Basi ng'ombe huyo ana bahati," akasema, akaenda kukaa kwenye meza yake ya kila siku.

Mama Sharlyne hakuwa mjinga. Alipoaga alinishika mkono. "Dada, huyo Okwi wa kwato nataka kumwona Jumapili ya wiki ijayo baada ya ibada. Tutakuja wote. Tuje na majani?"

* * *

Walipoondoka, Mama Magdaline aliniita jikoni, akafunga mlango. Nikaanza kupanga sanduku langu kichwani.

"Umeniua," akasema.

"Mama, naomba..."

"Halafu ukanifufua. Ng'ombe! Yawa, umetoa wapi hiyo?" Akaanza kucheka, akacheka hadi akashika meza, na nilipodhani amemaliza nikaona ni machozi.

Alikaa kwenye ndoo iliyofunikwa. Akaniambia yote. Okwi ni mjane kama yeye, kwao ni Chakol. Alianza kama mteja wa chai. Siku moja pampu ya maji ikaharibika, akaacha kazi zake akaja kuitengeneza na hilo shati lake la pasi. Mambo yakaanzia hapo.

"Ni mzuri, si ni mzuri?" aliniuliza, na alikuwa na sauti ya msichana wa shule.

"Ni mzuri, Mama."

"Watoto hawajui. Kanisa halijui. Nilitaka angalau niandike mahali. Nikaona mahali salama ni kwenye paswadi." Akafuta macho kwa aproni. "Na sasa sijui kama yeye ananiandika popote."

"Kwa nini?"

"Simu yake ikilia anatoka nje. Jumapili zingine anapotea, hasemi ameenda wapi. Nasambu, vunja ya kwake. Nataka kujua ameandika nani."

"Hapana, Mama."

Nilishtuka mwenyewe. Lilitoka kavu bila sukari.

"Umesema nini?"

"Ile yako ulinipa ruhusa, ulinilazimisha hata. Ya mtu asiyejua ni wizi, na kuna jela yake. Nikifanya hivyo mimi si askari tena. Mimi ni yule mwenye dawa ya mapenzi ya Tororo."

Nilidhani atanifukuza.

"Kwa hivyo akikuomba mwenyewe, ni sawa?"

"Akiniomba mwenyewe ni kazi."

"Basi atakuomba," akasema, akainuka kwenye ndoo.

* * *

Jumatatu mchana Okwi akaja na laptopu yake chini ya kwapa. Akaketi mbele yangu pale mapokezi, akaweka kofia juu ya goti.

"Binti, nasikia unapima. Magdaline amenisifia wewe tangu jana. Na kweli huko kwetu kazini wametuambia kila ajenti aongeze nguvu paswadi yake, kuna mtu ameingiliwa mizigo yake ikaelekea kusikojulikana. Nipimie yangu."

"Kwa hiari yako, mzee?"

"Kwa hiari yangu."

"Basi nisikilize. Sitaunganisha runinga. Skrini inanitazama mimi. Neno likitoka nitakuonyesha wewe peke yako, na sitalitamka kwa mtu yeyote."

"Hata kwa Magdaline?"

"Hata kwake."

Akacheka, akanipa mkono. Tukaapiana hivyo, mtu na mtu.

Kisha nikaenda jikoni kuomba chai, na Mama Magdaline akanidaka kwenye kona.

"Utaniambia jina."

"Mama, nimeapa."

"Nasambu, nyathina, mwanangu, nisikilize vizuri. Ukiniambia, harusi ni Disemba, mimi mwenyewe nitanunua keki. Usiponiambia, hiyo ng'ombe mweupe mtaitafuta nyinyi wenyewe, na Otiende ataipeleka kwao bibi mwingine."

Akanipa sahani ya mandazi kana kwamba hatujazungumza.

Nikarudi kwenye kiti changu. Nilichukua kutoka laptopu ya Okwi ile alama ambayo kompyuta huhifadhi badala ya neno lenyewe, nikaipa programu yangu. Kidole kilikuwa juu ya kitufe, shetani mdogo akaninong'oneza: futa majina ya wanawake, Nasambu. Futa yote. Programu itashindwa, mzee atafurahi, mama hatakuwa na cha kuuliza, na wewe utaolewa.

Nilikaribia sana. Hata nilifungua faili lenyewe.

Lakini yule mzee alikuwa ameweka kofia kwenye goti lake na ananiamini. Ningemwambia mlango wake umefungwa ilhali uko wazi, na siku mwizi angeingia, mimi ningekuwa nimemfungulia. Nikaliacha faili kama lilivyo. Nikabonyeza, kisha nikaanza kuomba kimoyomoyo kwamba paswadi iwe namba tupu zisizo na maana.

"Inachukua muda?" akauliza Okwi.

"Inategemea. Wewe uliitunga lini?"

"Nilipopata kompyuta ya kwanza. Sijawahi kuibadilisha."

"Hata siku moja?"

"Kuna mambo mtu habadilishi." Akakoroga chai ambayo ilikuwa imeshakorogwa. "Magdaline ni mwanamke mzuri. Nataka kumwambia jambo kabla sijaongea na watoto wake. Jumapili zingine najipanga kumwambia, halafu napanda pikipiki naenda kukaa peke yangu huko Chakol kama mjinga."

Nilitamani kumuuliza ni jambo gani. Simu yangu ikalia. Otiende, kutoka soko la mifugo.

"Nasambu, nimepata mmoja mweupe! Lakini hana baka."

"Tafuta mwenye baka."

"Kuna mwenye baka lakini ni jike."

"Otiende, nitakupigia."

Nilipoweka simu chini, programu ilikuwa imesimama.

Neno lilikuwa limetoka. Nililisoma mara moja, nikadhani macho yangu yamechoka. Nikalisoma tena, herufi kwa herufi, nikifuata kwa kidole.

ZilpaBusibwabo95

Busibwabo ndiko kwetu. Sijui kila mtu wa huko, lakini Zilpa namjua mmoja tu. Hunipigia kila Jumapili kuniuliza kama nimekula. Alinizaa mwaka wa tisini na sita, na amekuwa mke wa baba yangu, mzee Oduori, tangu kabla sijajua kutembea. Sikuwahi kufikiria kuuliza kuhusu kabla ya hapo. Nani huuliza mama yake mambo kama hayo?

Nikainua macho. Nilimtazama Okwi kama sikuwahi kumwona. Masikio. Paji la uso. Vile vidole virefu kwenye kikombe. Nikaangalia vidole vyangu kwenye kibodi, nikaviondoa haraka na kuvificha chini ya meza.

"Imetoka?" akauliza.

Nikaitikia kwa kichwa.

Nikamgeuzia skrini, kama nilivyoapa. Akaliona neno lake la siri limekaa pale waziwazi, na tabasamu likamtoka usoni polepole. Kisha akaniona mimi, na sijui aliona nini, maana aliinama mbele, akashusha sauti.

"Binti, mbona umebadilika hivyo? Huyu mtu... unamjua?"

Nyuma yetu pazia la jikoni likavutwa. Mama Magdaline alikuwa amesimama na birika mkononi, anatutazama mmoja baada ya mwingine.

"Anamjua nani?" akauliza.